Bamba la rejea la kubebeka kwa kamera ya joto ya droni: ukubwa gani, rangi gani?

Rubani_Shamba
Wakuu, napiga picha za joto kwenye mahindi ya umwagiliaji wa matone, Arusha. Kamera ni ya pikseli 640 × 512, lenzi ya nyuzi 61 kwa mshazari, naruka mita 40. Mistari ileile inatofautiana nyuzijoto 3 kati ya mruko wa kwanza na wa pili, ilhali majani yenyewe hayajabadilika hata nyuzi 1. Nataka kuweka shambani kitu ambacho joto lake nalijua. Nimekata alumini ya sm 30 × 30, unene mm 3. Inatosha? Nipake rangi gani?

Fundi_Joto
Sm 30 haitoshi, mkuu. Kwa lenzi hiyo na mita 40, pikseli moja inafunika karibu sm 5.8 za ardhi. Bamba lako litapata pikseli tano kwa tano, za pembeni zikiwa zimechanganya alumini na udongo, na lenzi, kwa kuwa haichori kingo kali, inachafua kidogo hata ya katikati. Kata sm 60 × 60, kisha soma pikseli 4 × 4 za katikati tu. Unene mm 6. Litakuwa na kilo kama 6, lakini halitayumba kwa kila upepo.

Piga msasa, kisha pulizia rangi nyeusi isiyong'aa mikono mitatu. Alumini tupu ni kioo kwa mionzi ya joto: kamera itakusomea anga badala ya bamba. Ikishapakwa, emisiviti (sehemu ya mionzi ya joto inayotoka kwenye bamba lenyewe, si ya kuakisiwa) inafika kama 0.95, na hiyo 0.05 iliyobaki msiidharau. Bamba la nyuzi 30 chini ya anga safi, anga lenyewe likisomeka nyuzi 30 chini ya sifuri, litaonekana limepungua karibu nyuzi 2. Kulipima hilo anga, finyanga karatasi ya alumini ya jikoni, ikunjue, ilaze kando ya bamba, uipige picha ukiwa umeweka emisiviti 1. Namba inayotoka ndiyo joto la mwakisiko la kuingiza kwenye hesabu.

Vipimo_Sahihi
Naongezea: bamba moja linakuonyesha usomaji wa kamera umehama nyuzi ngapi, lakini halikuonyeshi kama mteremko wake nao umebadilika, yaani kama kosa linakua kadiri joto linavyopanda. Weka mawili, moja chini ya joto la majani na moja juu yake. Kwa majani ya nyuzi 22 hadi 32, beseni pana jeusi la maji ya nyuzi 15 na bamba la nyuzi 40 yanafaa sana. Msikimbilie barafu, nyuzi 0 iko mbali mno na majani. Maji yakorogwe mpaka droni inapita, maana ngozi ya juu hupoa kwa mvuke ikiachwa imetulia.

Bamba la moto: pedi ya silikoni ya volti 12 mgongoni, nyuma yake stairofomu ya sm 5. Kwa upepo mdogo, kulishikilia nyuzi 15 juu ya joto la hewa kunakula kama wati 110, kwa hiyo betri ya Ah 20 inakupa karibu saa mbili.

Rubani_Shamba
Asanteni. Kihisi cha kupima joto la bamba nikibandike juu ya rangi?

Vipimo_Sahihi
Hapana, jua litakipasha chenyewe. Chonga mfereji mgongoni, laza PT100 (kihisi joto cha platini) ya daraja A kwa gundi inayopitisha joto. Weka vinne: kimoja katikati, vitatu kuelekea kingo. Vikipishana zaidi ya nyuzi 0.3, bamba halijatulia, subiri. Vihisi vyenyewe vipeleke maabara ya ugezi (ya kuhakiki vipimo) ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya msimu.

Fundi_Joto
Na kamera iwashwe dakika 20 kabla ya kuruka, maana kihisi cha ndani ya kamera, kisicho na mtambo wa kukipoza, usomaji wake huhama kadiri mwili wa kamera unavyopata joto, kisha upepo wa angani unaupoza tena. Hapo ndipo nyuzi 3 zako zinapotokea. Pita juu ya mabamba mwanzo, kila ukibadili betri, na mwisho. Masahihisho ya picha zilizopigwa kati ya mapito mawili yakadirie kulingana na muda wa kila picha.