Mwalimu amenipa tuba, nami nilitaka tarumbeta

Swali, kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha pili, Kilimanjaro

Shikamooni wakubwa zangu. Tangu mwaka jana ninajifunza tarumbeta katika bendi ya shule yetu. Nilianza kwa kupuliza kile kipande cha mdomoni peke yake majuma matatu, hadi midomo ikawa inawasha, na sasa ninapiga Wimbo wa Taifa bila kukosea. Juma lililopita mwalimu aliniita akaniambia kwamba kaka aliyekuwa akipuliza tuba, kile chombo kikubwa cha kupuliza chenye sauti nzito ya besi, amemaliza kidato cha nne, hivyo kuanzia muhula ujao nafasi hiyo ni yangu. Nilishindwa kumjibu. Tuba yenyewe ni nzito, imebonyea, na katika nyimbo zetu nyingi hurudia sauti mbili tatu tu wakati tarumbeta zinabeba wimbo. Je, nikimkatalia mwalimu nitakuwa nimekosa adabu? Na nikikubali, nitapoteza niliyojifunza?

Jibu la mpulizaji wa kwaya ya matarumbeta ya usharika

Mdogo wangu, mimi pia nilipewa tuba bila kuulizwa, na huu ni mwaka wa 11 ninaipuliza. Ujuzi wa vidole hutaupoteza, kwa maana valvu (kibonyezo cha kidole) ya kwanza hushusha sauti kwa toni moja, ya pili kwa nusu toni na ya tatu kwa toni moja na nusu, sawasawa na kwenye tarumbeta. Kitakachokusumbua ni kusoma noti za besi, halafu pumzi: bomba la tuba kubwa likinyooshwa hufika mita 5 na nusu hivi, ilhali la tarumbeta halifiki hata mita 2.

Kuhusu hizo sauti mbili tatu, naomba unisikilize. Siku moja nilichelewa mazishini, nikakuta wenzangu wameshaanza wimbo kaburini bila besi, na waombolezaji wanaimba kila mmoja kwa mwendo wake. Niliingia ubeti wa tatu na sauti zile zile mbili, na kabla ubeti haujaisha watu wote walikuwa wanatembea pamoja.

Jibu la mzazi

Mwanangu alilazimishwa ngoma kubwa, akavumilia muhula mmoja, kisha akaacha bendi, na mpaka leo hagusi chombo chochote. Binti yangu, ikiwa moyo wako umekataa, sema mapema.

Jibu la mwalimu wa muziki

Nakubaliana na mzazi kwamba mtoto alipaswa kuulizwa kwanza. Hata hivyo, mara nyingi tuba hatumpi mwanafunzi dhaifu. Tunamtafuta anayehesabu mapigo vizuri na asiyeyumba tarumbeta zinapokimbia. Kusema lililo moyoni si utovu wa adabu, mradi usiseme mbele ya wenzako. Mfuate baada ya mazoezi, mwamkie, kisha umwombe mambo mawili: tuba iwe ya muhula mmoja huku akimfundisha mwingine wa kidato cha kwanza, na uachiwe siku za kupuliza tarumbeta. Siku utakayopuliza vyote viwili, anza na tarumbeta, kwa sababu kipande kipana cha tuba hulegeza midomo. Usiibebe ukiwa umesimama muda mrefu. Keti, uiegemeze kitini.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Jana nilimfuata, akanisikiliza mpaka mwisho, na amekubali nibaki na tarumbeta Jumanne na Alhamisi. Muhula mmoja hakuuahidi, alisema tutaangalia. Nimeipuliza tuba kwa mara ya kwanza, na sauti niliisikia mpaka kwenye benchi nililokalia. Naomba kuuliza: kule kubonyea kutaharibu sauti?

Mpulizaji wa usharika

Inategemea mahali. Kwenye mdomo mpana wa mbele hakudhuru sana; kwenye bomba jembamba karibu na midomo yako ndiko kunakodhuru. Pitisha kidole hapo, kisha utuambie umekuta nini.