Tupeane uzoefu: Kuendesha ofisi ndogo ya kutengeneza tovuti kumekufundisha nini?

FundiTovuti:
Wakuu, habari za jioni. Leo mteja wetu wa zamani kanipigia anataka "badiliko dogo tu" kwenye tovuti tuliyomkabidhi kitambo. Nimemsikiliza hadi mwisho. Hilo dogo lenyewe ni ukurasa wa malipo, lugha ya pili, na watu waweze kujisajili. Anaamini yote yamo kwenye bei ileile ya mwanzo. Mengi yamenirudia kichwani. Kuna vijana nawalea kwenye kazi hii, ningependa wasome humu kabla hawajaumizwa. Mliopita njia hii mwageni ya moyoni: mikataba, malipo, seva (kompyuta zinazohifadhi tovuti), wateja.

MzeeWaAnkara:
Malipo. Nusu kabla hujawasha kompyuta, nusu kabla tovuti haijaenda hewani. Ukikabidhi kwanza, utabaki mdai wa kudumu.

DadaMsimbo:
Mzee wangu, nusu kwa nusu inafaa kazi ya wiki chache. Kazi ikiwa ya miezi, ile nusu ya pili haiji, kwa sababu anayechelewesha ni mteja mwenyewe. Maandishi hajaleta, picha hajaleta, bosi wa kuidhinisha yuko safarini. Wewe umeshamaliza, lakini kurasa zimejaa maneno ya kujazia nafasi na huwezi kukabidhi. Sisi malipo tunayagawa mara tatu au nne, na kila awamu ina tarehe yake, siyo "kazi ikiisha". Mkataba unasema pia kwamba maandishi yasipofika kwa wakati kazi inasimama, na kuianzisha tena kuna gharama. Tangu tuweke kipengele hicho, maandishi yanafika.

KimyaKimya:
Maandishi! Hapo umenigusa dada.

MlinziWaSeva:
Hili la kukabidhi limenirudisha mbali, acheni niseme.

Tulijenga tovuti ya kampuni moja, siitaji. Domeini yao, yaani jina la tovuti linaloishia na .com, walikuwa nayo kabla yetu. Aliyeisajili ni kijana wao wa kompyuta, kwa jina lake na barua pepe yake binafsi. Tulipoanza kazi tuliwaandikia: hamisheni hii iwe mali ya kampuni. Wakajibu "tutalishughulikia". Kijana akaja kuondoka kwa ugomvi.

Asubuhi moja mkurugenzi ananipigia, sauti imepanda. Tovuti haifunguki, barua pepe haziingii, na ana hakika tumemzimia kwa sababu ya salio tunalomdai. Anataja wakili. Naangalia seva, mafaili yote mazima. Naangalia taarifa za usajili wa domeini: muda umeisha na iko kwenye kipindi cha ukombozi.

Kwa wasiojua: domeini ya .com muda wake ukiisha, msajili, yaani kampuni inayokuuzia jina hilo, anaweza kukupa muda wa nyongeza, mwisho siku 45, na wengine wanatoa pungufu ya hapo. Msajili akishaifuta zinafuata siku 30 za ukombozi, na gharama yake ni kubwa kuliko kulipia mwaka wa kawaida. Baadaye siku 5 za kusubiri kufutwa, ambazo hakuna mtu anayeweza kufanya lolote. Zikipita, jina ni la yeyote atakayewahi.

Tovuti siyo iliyoninyima usingizi. Barua pepe zote za kampuni ziko kwenye jina hilohilo. Mgeni akilichukua, anafungua anwani ya mhasibu, anaomba nenosiri jipya kwenye kila huduma waliyojiunga nayo, na ujumbe unamfikia yeye. Nikamweleza mkurugenzi hivyo, ndipo sauti ikashuka. Na mwenye akaunti ni yule kijana. Simu hapokei.

KimyaKimya:
Usituache hapo mkuu, ikawaje?

MwambaWaMtandao:
Kijana nampongeza. Lazima walimdhulumu.

DadaMsimbo:
Unapongeza nini? Wafanyakazi wote wa kampuni hawana mawasiliano na wewe unapiga makofi?

MwambaWaMtandao:
Dada, ukidai mshahara kistaarabu unaambiwa njoo kesho. Zima kitu uone wanavyokutafuta. Hata wateja wangu wasiolipa nawazimia, wanalipa siku hiyohiyo.

DadaMsimbo:
Kusitisha huduma kwa notisi iliyoandikwa kwenye mkataba ni sawa kabisa. Kushika jina la mtu mateka ni jambo jingine, na mahakamani wewe ndiye utakayejieleza. Usiwafundishe vijana hivyo.

MzeeWaAnkara:
Punguzeni. Mlinzi, malizia.

MlinziWaSeva:
Aliyetuokoa ni mama mhasibu, kwa sababu kijana alikuwa bado anamheshimu. Alipokea simu yake. Kumbe anadai mishahara, na barua za kukumbusha malipo ya domeini zilikuwa zikimfikia, anazipita tu. Kampuni ikamlipa, naye akaikomboa domeini tukiwa naye mezani, akabadilisha jina la mmiliki na barua pepe ya akaunti hapohapo. Kwa hiyo Mwamba, dai lake lilikuwa halali. Lakini angeendelea kukaa kimya, siku zile 30 zingeisha na yeye mwenyewe asingeweza kurudisha kitu.

Siku hizi sigusi kazi kabla sijaona domeini iko kwa jina la nani.

BwanaBakapu:
Mmeongelea jina, mimi naongelea kilichomo. Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa, kiliwaka moto. Jengo moja liliteketea lote na la jirani sehemu yake. Kuna waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala rudufu zilikuwa hapohapo. Ofisi ndogo ikae na nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja iwe mbali kabisa. Na mjaribu kuzirudisha! Bakapu ambayo hujawahi kuifungua usimwahidi mteja.

MzeeWaAnkara:
Hayo yote ayalipie nani? Tozeni ada ya matunzo kila mwezi.

MwambaWaMtandao:
Ada ya mwezi wateja wanaikimbia. Toza kwa tukio, kikiharibika walipe.

BwanaBakapu:
Ukitoza kwa tukio hakuna atakayesasisha WordPress, programu inayoendesha tovuti, na plagini (nyongeza) zake mpaka wadukuzi waingie. Cheti cha usalama cha tovuti, kile cha bure cha Let's Encrypt, kinaisha kila baada ya siku 90, na siku kikishindwa kujihuisha chenyewe, wageni wa mteja wanakutana na onyo jekundu. Lazima kuwe na mtu anayelipwa kuangalia.

FundiTovuti:
Mlinzi, kipengele chako cha domeini unakiandikaje kwenye mkataba?

MlinziWaSeva:
"Jina la tovuti ni mali ya mteja na litasajiliwa kwa jina la mteja, kwa barua pepe isiyo ya mtu binafsi, na isiyotegemea jina hilohilo."

DadaMsimbo:
Ongeza: watu wawili wa upande wa mteja wawe na njia ya kuingia kwenye akaunti, na namba ya simu ya kurejesha nenosiri iwe ya ofisi. Hiyo namba watu wengi wanaisahau.