MJADALA: Ramani ya mashimo na vifusi vya zamani iwekwe wazi kwa kila mtu, au tutaua bei za viwanja?

Mwana wa Njiro
Wakuu habari za jumapili, naleta hili maana nyumbani tumelibishania wiki nzima na hatujaelewana.

Mjomba alinunua kiwanja huku Arusha 2016, dalali akamwambia lilikuwa shamba la mahindi na kweli mahindi yalikuwepo, ndo maana hatukuuliza zaidi. Kajenga, kahamia. Masika ya kwanza kimya, ya pili sebule ikapasuka ufa ambao sarafu ya mia mbili inaingia ikasimama wima. Tukachimba shimo la choo upya, kuanzia futi ya nne kwenda chini ni rambo, kandambili, matofali yaliyovunjika, tairi ya baiskeli. Ndo bibi jirani akasema taratibu kabisa, hapa si ndo tulikuwa tunachota maji ya mvua, lilikuwa shimo la moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea.

Rafiki yangu mpima ana picha za anga za zamani za eneo letu, zile nyeusi na nyeupe za sentimita 23 kwa 23, pembeni ina kisaa kidogo kinachoonyesha ndege ilipita saa ngapi. Akaweka mbili zinazopishana chini ya stereoskopu, ile kama miwani yenye miguu, nikachungulia. Asee. Ghafla miti inasimama, paa za bati zinanyanyuka, na pale kwa mjomba ardhi inazama. Shimo hili hapa, hata njia ya malori kuingilia inaonekana.

Kwaiyo swali langu: picha zipo, kwa nini mtu anayetaka kununua asizione bure kabla hajatoa hela? Wenzetu wenye makaa ya mawe wanafanya hivyo. Wales kuna malundo ya mabaki ya makaa zaidi ya 2,500 kwenye migodi iliyokufa, na Novemba 2023 serikali yao ikatoa ramani ya yale 350 ya hatari zaidi, mtu anafungua tu anaona kilichopo juu ya nyumba yake.

Dalali Mstaarabu
Mkuu pole ya mjomba ila hapo mwisho nakukatalia. Ukichora duara jekundu kwenye mtaa, siku hiyo hiyo nyumba 60 hazina bei, za watu waliojenga kwa kikoba na mikopo. Utawahamishia wapi? Na mengi ya hayo mashimo yalijazwa vizuri tu, nyumba zimesimama miaka 20. Wewe unawapa presha bure.
Halafu Wales ya nini hapa, Arusha hatuna makaa ya mawe.

Mangi wa Soweto
Dalali hujakosea kwamba Arusha hatuna, ila nchi inayo. Kiwira walianza kuchimba miaka ya 80, Ngaka kule Mbinga yanatoka kila siku, Mchuchuma kila bajeti inatajwa. Mabaki ya makaa sio kifusi kama cha moramu, mle ndani kuna madini ya salfa, yakikutana na maji na hewa yanatengeneza asidi inayoshuka mtoni, na lundo lenyewe linaweza kuwaka moto lenyewe likaungua miaka, lililoungua linageuka jekundu kama tofali.

Mimi ningesema picha zipigwe SASA huko kusini, kabla na baada, wajukuu wasije kubahatisha.

Mpima Mstaafu
Vijana naomba niwapunguze kasi kidogo, nimezishika hizo picha miaka mingi hapa Moshi. Picha nyingi za zamani ni za kutengenezea ramani za eneo kubwa, chukulia moja kwa 40,000, maana yake milimita moja kwenye karatasi ni mita 40 chini. Shimo la moramu la mita 20 ni nusu milimita, mkwaruzo wa kucha unalifuta. Lundo la makaa la mita 400 ni sentimita nzima, halijifichi, tena ni jeusi na lina kivuli. Ndio maana huko inafanya kazi. Ya kwa mjomba ilionekana kwa sababu ilipigwa kwa ukaribu au shimo lilikuwa kubwa.

Pili, picha inakuambia wapi, haikuambii ndani kuna nini wala kilishindiliwa vipi. Hapo lazima utoboe. Tatu, ndege ilipita siku moja. Shimo likichimbwa na kujazwa kati ya ndege mbili, kwenye kumbukumbu halipo, na mtu atasema ramani imemsafisha.

Mama Wawili
Shikamoo mzee. Mimi naona mnazunguka. Bibi jirani alijua yote bila ndege. Mtaani ukitaka ukweli wa kiwanja nenda kamuulize mama muuza mbege, sio dalali.

Mwana wa Njiro
Mama Wawili, bibi alijua na hakuna aliyemuuliza, na mwaka jana amefariki. Sasa nani atakumbuka?

Mzee shikamoo, nakubali yote, hasa la kutoboa. Ila soma habari ya Aberfan, hukohuko Wales. Tarehe 21 Oktoba 1966 asubuhi lundo namba 7 la mabaki ya makaa lilishuka mlima likafunika shule ya msingi, wakafa 144, watoto 116. Lundo lilianza kumwagwa 1958 juu ya chemchemi, na chemchemi ilikuwa imechorwa kwenye ramani tayari! Ramani ilikuwepo, ila haikuwa mezani kwa anayeamua kumwaga wala kwa mzazi anayepeleka mtoto shule. Halafu, hili ndo lilinichosha, katika kuondoa malundo yaliyobaki wafiwa walikatwa pauni 150,000 kutoka mfuko wa rambirambi, zikarudishwa 1997.

Dalali anauliza watu watahamia wapi. Sijasema wahame. Nimesema anayenunua KESHO aone. Bei unayoilinda wewe ni mjomba aliyeilipa.

Chalii wa Sakina
Aprili 2013 Moshono ukuta wa moramu uliporomoka ukaua watu zaidi ya kumi, hilo si la ulaya. Mabonde ya machimbo ya namna hiyo nani anajua yatajazwa nini na kuuzwa kwa nani. Mimi naunga mkono ila wasiweke rangi nyekundu, waweke picha yenyewe na mwaka, mtu ajionee.

Mpima Mstaafu
Hilo la chalii nalikubali. Picha na mwaka, na kipimo kiandikwe, moja kwa ngapi. Rangi zinaleta ugomvi.

Dalali Mstaarabu
Sawa, picha na mwaka sipingi sana. Ila nani atagharamia, maana zingine zimejikunja na kuliwa na mchwa na kuziskani sio hela ya soda. Na mkisema kila mnunuzi alipie, masikini ndo atanunua bila kuangalia kama kawaida.

Mama Wawili
Leo umeongea point.

Dalali Mstaarabu
Mwana wa Njiro, yule rafiki yako mpima, picha zake zinafika mpaka upande wa Muriet? Nina mteja kesho saa nne, kiwanja kizuri tambarare kabisa, majani mazuri. Nataka nichungulie tu.

Mwana wa Njiro
Tambarare kabisa eeh? Njoo saa mbili, uje na mteja.