Wanaojua Kigiriki nisaidieni, Baraza la Mawaziri limegeuka kabati

nyar_kondele
Hamjambo wadau. Niko Kisumu na hii shida nimejitafutia mwenyewe. Kanisa letu la Kiothodoksi linapata wageni kutoka Ugiriki mwezi ujao, na juu niliwahi kukaa Thessaloniki mwaka mmoja nikisoma, padri akaniita akasema binti yangu wewe si unakijua Kigiriki, tutengenezee bango la kueleza vile Kenya inatawaliwa, vijana wasimame hapo wawaelezee wageni. Nikakubali haraka haraka. Kumbe Kigiriki changu ni cha kununua mkate na kuuliza basi inapita saa ngapi, mambo ya katiba sijawahi kuyaongea na mtu.

Basi nikachukua kijitabu cha uraia cha Kiingereza nikawa naingiza neno moja moja kwa programu ya simu. "Cabinet" ikaniletea ντουλάπι, na hilo nalijua vizuri juu lilikuwa jikoni kwetu, ni kabati ya sahani. "Speaker" ikaniletea ηχείο, yaani spika sawa, lakini ile ya disko matanga. Hizo nilizikamata. Zilizonishinda ni mbili. Ya kwanza, nimeandika ΝΟΜΟΣ ΚΙΣΟΥΜΟΥ nikimaanisha Kaunti ya Kisumu, nikamtumia picha rafiki yangu Mgiriki akaniuliza eti hiyo sheria ya Kisumu inasemaje. Ya pili, kifungu cha 4 cha Katiba kinasema Jamhuri ya Kenya ni nchi ya demokrasia ya vyama vingi, sasa jamhuri inatoka δημοκρατία na demokrasia nayo inatoka δημοκρατία, nimeangalia hadi macho yanauma. Bango liko kwa mwenye kuprinti na amesema nikileta mabadiliko baada ya Alhamisi nalipa upya.

omwami_mbale
😂😂😂 dada wacha kabati ibaki, si huko ndani ndiko sufuria kubwa hukalia ndogo

mwalimu_mstaafu
Binti, pole na kazi. Mimi nilipitia seminari ya Riruta miaka hiyo, Kigiriki kimepata kutu kidogo lakini wacha nijaribu.

Kwanza hicho kijitabu cha Kiingereza weka kando, shika Katiba ya Kiswahili. Sio uzalendo. Mahali pengi Kiswahili kiliita kitu kwa kazi yake na Kigiriki vilevile, Kiingereza ndicho kilizunguka. "Cabinet" kwetu ni Baraza la Mawaziri, wao wanasema Υπουργικό Συμβούλιο, isome ipurghikó simvúlio, simvulio ni baraza na ipurghos ni waziri, kwisha. Na hapo Kiingereza kingekuangusha tena, maana Katiba ya 2010 kwa Kiingereza inawaita mawaziri wetu "Cabinet Secretary", ukifuata hilo neno la pili utaandika γραμματέας, na Mgiriki atashangaa vipi katibu anaendesha wizara nzima. Waziri andika υπουργός. Katibu wa wizara ndiye umwite γενικός γραμματέας, hicho cheo hata kwao kiko.

Spika wa Bunge ni Πρόεδρος της Βουλής, yaani rais wa bunge. Usishtuke, πρόεδρος kwao ni yeyote anayekalia kiti cha mbele, awe wa nchi, wa mahakama au wa chama cha wafuga nyuki, ndio maana Rais wa nchi lazima umwongezee της Δημοκρατίας. Seneti wanalo neno lao la zamani sana, Γερουσία, soma yerusía, linatoka kwa γέρων, mzee. Wajaluo hapo kwako wangesema jodongo na maana isipotee. Lakini jua seneti yenyewe waliiondoa 1935, bunge lao ni moja tu lenye watu 300, kwa hiyo wageni watauliza maseneta wetu 67 wanafanya kazi gani. Vijana wajiandae hapo, mimi sitajibu 😀

Sasa jamhuri na demokrasia. Programu haijakosea. Kigiriki hapo kina neno moja tu, hata jina rasmi la nchi yao ni Ελληνική Δημοκρατία. Tarehe 8 Desemba 1974, baada ya wanajeshi kuondoka madarakani, walipiga kura kuamua kama mfalme arudi, na chaguo zote mbili ziliitwa δημοκρατία, moja βασιλευομένη yenye mfalme na nyingine αβασίλευτη isiyo na mfalme. Kama asilimia 69 wakasema mfalme akae hukohuko. Kwa hivyo kinachotofautisha ni lile neno la pembeni. Kifungu cha kwanza cha katiba yao ya 1975 kinasema Προεδρευόμενη Κοινοβουλευτική Δημοκρατία, yaani rais yuko kwenye kiti lakini waziri mkuu ndiye anashika usukani. Hiyo usituandikie, sisi ni Προεδρική, yaani rais mwenyewe ndiye anashika usukani. Angalia vizuri, ni herufi chache tu lakini ukizikosea umempokonya Rais wetu kazi. Sentensi yako iwe hivi: Η Δημοκρατία της Κένυας είναι πολυκομματικό δημοκρατικό κράτος. Inajirudia ndiyo, na haiwakeri hata kidogo.

mabango_nakuru
Mimi Kigiriki sijui ila naprinti hapa Nakuru na niliwahi kufanya kadi za arusi za Mgiriki fulani, alikaa na mimi dukani siku nzima juu ya hizo alama za juu ya herufi. Shida ya nyar_kondele ni herufi kubwa. Alinieleza ukiandika yote kwa herufi kubwa zile alama zinatolewa, ndio sheria yao ya kuandika. Sasa kama neno linabadilika maana kulingana na alama, hapo umepotea.

mwalimu_mstaafu
Fundi umepiga palepale. νόμος mkazo mbele ni sheria, νομός mkazo nyuma ni mkoa. Ni kama barabara ya magari na kufanya kitu barabara, sisi tunatofautisha kwa mdomo tu. Kwa herufi kubwa vyote ni ΝΟΜΟΣ.

mluhya_piraeus
Shikamoo mwalimu. Niko huku Ugiriki miaka kadhaa, niongeze kidogo. Hata kwa herufi ndogo νομός mimi singeiweka, juu hiyo mikoa ilifutwa kama utawala kuanzia 1 Januari 2011, sasa kuna περιφέρεια 13, yaani kanda, na chini yake δήμος, ambayo ni kama manispaa. (Ndio, ni demos ileile ya demokrasia, imekua ikaanza kuzoa takataka.) Kaunti za Uingereza na Marekani huku zinaitwa κομητεία, tumia hiyo, hakuna atakayeuliza swali. Gavana ni κυβερνήτης, ndivyo magavana wa Marekani wanavyoitwa kwenye habari, na ni hilohilo la nahodha wa meli, kwa hivyo kwa watu wa ziwani linakaa poa kabisa.

Ugatuzi ndio mgumu. Kamusi itakupa αποκέντρωση, lakini huku mtu akisikia hiyo anafikiria ofisi ya serikali kusogezwa karibu. Kwetu kaunti 47 zina bunge zao na gavana wa kuchaguliwa, sio ofisi imesogea. Weka μεταβίβαση εξουσιών, kuhamisha mamlaka. Ni refu, punguza saizi ya herufi.

Na katiba, Σύνταγμα, iache hivyohivyo ila usiitafsiri kurudi Kiswahili kwa simu, juu inaweza kukupa kikosi cha jeshi, neno ni hilohilo. Kwa wageni hiyo haina shida, uwanja ulio mbele ya bunge lao Athens unaitwa hivyo, kwa ajili ya watu na wanajeshi waliosimama hapo 3 Septemba 1843 kumtaka mfalme Otto katiba.

nyar_kondele
Mungu awabariki jameni, nimeandika yote. Mwalimu nimefuata ushauri wako wa Kiswahili, hata raia nimetafuta inayofanana, nimeipata ραγιάς, isome rayiás, karibu ni yetu kabisa 🥰

mluhya_piraeus
ITOE!!!

mwalimu_mstaafu
Itoe leo binti. Neno ni moja kweli, limetoka Kiarabu, asili yake ni mifugo inayochungwa, sisi tulilipokea tukalisafisha. Wao lilifika kupitia kwa Waturuki waliowatawala, ndilo walilokuwa wanaitwa kabla ya vita vyao vya uhuru vya 1821, na leo ni tusi la mtu anayejikunyata mbele ya mkubwa. Andika πολίτης. Ushauri wangu nao ulikuwa na shimo, nisamehe.

omwami_mbale
yaani ingekuwa "haki za kila kondoo wa Kenya" 💀

nyar_kondele
Nimempata anafunga duka. Nikamwomba sana akawasha kompyuta, tukatoa ραγιάς, tukatoa ΝΟΜΟΣ, kila mahali sasa ni κομητεία kwa herufi ndogo. Ile ί yenye alama ilikataa kabisa, ikawa inatokea kimraba cheupe, tumebadilisha fonti tatu hadi ikakubali. Ameniongezea mia mbili ya stima.