Wauza laptop used, acheni kutuuzia Windows 11 kwenye mashine zisizoikubali

Wakuu, salaam.

Nimesoma nyuzi nyingi za watu wanaouliza kwa nini laptop waliyouziwa ikiwa na Windows 11 haipokei toleo jipya, na majibu huwa ni yale yale: subiri, ongeza bando, au peleka kwa fundi ifomatiwe. Sasa yamenifika na mimi, na kwa kuwa nimelifuatilia jambo hili hadi nikalielewa, naliweka hapa lote, pamoja na hasira yangu, ambayo sioni sababu ya kuificha.

Nina steshenari Morogoro. Mwezi Septemba 2025, wakati kila mtu akijua kwamba huduma ya Windows 10 ingefikia ukomo tarehe 14 Oktoba, nilikwenda Kariakoo kutafuta laptop ambayo tayari ina Windows 11, na nilimweleza muuzaji waziwazi kwamba sababu ya kununua ni hiyo tu. Aliniuzia HP EliteBook 840 G1, used kutoka Ulaya, yenye Core i5 ya kizazi cha 4, RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD. Akaiwasha mbele yangu, nikaona menyu ya Windows 11 ikifunguka katikati ya skrini, akasema, “Hapa umemaliza bosi, miaka mitano husumbuki.” Kwenye risiti akaandika kwa mkono wake mwenyewe: Windows 11 orijino.

Kwa kasi sina ugomvi na mashine hii. Inafungua Word haraka, inachapa, inaskani, na kwa kazi za dukani kwangu inatosha kabisa. Ugomvi wangu ni kwamba Windows 11, tangu ilipotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, ina masharti yanayojulikana na kila mtu anayeishi kwa kuuza kompyuta: chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, uwezo wa Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizoaminika kupenya wakati mashine inawaka), na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, ukiacha chache za kizazi cha 7 zilizomo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika. (Mojawapo ya hizo chache ndiyo iliyokuwa ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft wenyewe, jambo ambalo kila mtu anaweza kulitafsiri apendavyo.) EliteBook yangu haitimizi sharti la prosesa wala la TPM. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R kisha ukaandika tpm.msc, sehemu ya chini ya dirisha linalofunguka inaonyesha toleo la chipu, na yangu inasomeka 1.2. Ukiandika msinfo32, mstari wa BIOS unasomeka Legacy, yaani njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, maana yake mashine haikuwashwa hata kwa UEFI, njia mpya ambayo Secure Boot inaihitaji.

Basi ilipitaje? Ilipita kwa sababu programu ya Rufus, inayotumika kuandaa flashi ya kuwekea Windows, ina kisanduku ambacho ukikitia tiki ukaguzi wa RAM, Secure Boot na TPM unarukwa. Sipingi njia hiyo hata kidogo, kwani mwenye mashine yake anayejua anachokifanya ana haki ya kuitumia atakavyo. Lakini anayeipita njia hiyo kwa siri kisha akauza matokeo yake kama kitu kilichokamilika anamnyima mnunuzi jambo la msingi, kwa sababu Microsoft wamekwisha kuandika bayana kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, yakiwemo ya usalama. Onyo hilo mnunuzi halioni popote, maana mashine inamfikia ikiwa imeshawekwa kila kitu.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipopanda. Bonyeza tena Windows na R, andika winver uone toleo. Yangu ni 23H2, yaani toleo la nusu ya pili ya mwaka 2023, na kwa Home na Pro toleo hilo lilifikia ukomo tarehe 11 Novemba 2025. Kompyuta iliyo kwenye orodha huletewa toleo linalofuata yenyewe. Yangu haikuletewa, na badala yake ukurasa wa masasisho unaeleza kwamba mashine haikidhi mahitaji. Kwa hiyo niliuziwa “Windows 11” ili nikimbie ukomo wa Oktoba, nikaangukia ukomo wa Novemba. Angeniachia Windows 10 yake ya awali, toleo la 22H2, ningeweza kuisajili kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaokwenda hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambao masharti yake yaliyotangazwa ni kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft bila malipo, au kutoa pointi 1,000 za Rewards (pointi ambazo Microsoft huwapa watumiaji wake), au kulipa dola 30. Yaani mfumo wa zamani alioufuta ungelindwa muda mrefu kuliko mpya aliouweka!

Wapo watakaosema nijipandishie toleo mwenyewe. Inawezekana, ila ni kupakua faili la zaidi ya gigabaiti 5 kwa bando langu, kuruka ukaguzi upya, na kurudia zoezi hilo kila toleo linapofikia ukomo. Wapo pia watakaosema niweke Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, na ni ushauri mzuri kwa mtu asiyeletewa na wateja kadi za harusi zilizotengenezwa kwenye Publisher, programu ya Microsoft isiyotengenezwa kwa ajili ya Linux.

Kwenye kompyuta hii watu wanaomba mkopo wa elimu ya juu, wanahakiki vyeti vya kuzaliwa RITA, na wanaingiza nywila zao wakiwa wamesimama nyuma ya bega langu. Wazazi wananikabidhi namba za NIDA za watoto wao. Masasisho ya usalama kwangu si pambo.

Nisisahau na fundi wa hapa mtaani, ambaye ni suala hilihili kwa sura mbaya zaidi. Nilimpa kompyuta ya mezani ya Core 2 Duo, prosesa ya zamani ya Intel, akajaribu kuiwekea Windows 11 toleo la 24H2, ikawa inafika kwenye nembo na kujizima na kuwaka upya bila kwisha. Akasema RAM ni mbovu, akaniuzia nyingine, ya aina ya zamani ya DDR2, ambayo siwezi hata kuihamishia kwenye mashine nyingine niliyonayo. Hali haikubadilika, wala isingeweza kubadilika, kwa sababu toleo la 24H2 linahitaji prosesa inayoelewa amri za ndani ziitwazo POPCNT na SSE4.2, na Core 2 Duo haizielewi. Hapo hakuna kisanduku cha kutia tiki. Fundi anayetoza fedha kwa kazi ya Windows alipaswa kulijua hilo kabla ya kufungua kasha.

Muuzaji wa Kariakoo nimemwandikia nikimtaka achague moja: anirudishie fedha, au anibadilishie kwa mashine ya kizazi cha 8 kwenda juu nami nilipe tofauti ya bei. Jibu lake lilikuwa kwamba “Windows si inawaka?” Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na ninayo risiti yenye mwandiko wake pamoja na picha za skrini za tpm.msc, msinfo32 na winver. Asiponipa jibu la maana mwezi huu, vyote vinakwenda Tume ya Ushindani.

Wenye risiti zilizoandikwa hivyo hivyo, wekeni hapa modeli ya mashine, kizazi cha prosesa na toleo linaloonekana kwenye winver; jina la duka liacheni kwanza.