Tupeane uzoefu: vile vidoli vidogo vya mazimwi wanavyokusanya watoto

Wadau salama? Uzi huu ni wa wenye watoto na sisi wakubwa tuliokua navyo. Mtoto ana kopo zima la vizimwi saizi ya kidole gumba na bado analia, anataka huyo mmoja ambaye hana. Kwako ikoje?

Naanza mimi. Nilikuwa na zile Monster in My Pocket za kampuni ya Matchbox, zilitoka 1990, plastiki laini, rangi moja mwili mzima, na kila zimwi lina pointi zake mgongoni kuanzia 5 mpaka 25, basi mwenye la 25 hashikiki, hakubali kubadilishana na mtu. Niliwajua Medusa na Kraken, mazimwi wa hadithi za kale, humo kabla sijawasoma popote. Waliwaweka hadi Kali na Ganesha, miungu ya Kihindu, waumini wakalalamika, na haki yao jamani, mungu wa mtu unamuitaje zimwi?

—

Mkuu wewe wa juzi hahaha. Bro wangu alikuwa na M.U.S.C.L.E. za kampuni ya Mattel za 1985, vidoli vya wanamieleka wa ajabu, zile za pinki kama ngozi, asili yake Japani, huko kampuni ya Bandai walikuwa wanaziuza kwenye mashine, unazungusha unadondoshewa kimpira chenye kidoli ndani. Kuna mmoja ni mkono mtupu wenye miguu, nilikuwa namuogopa kweli.

—

Mimi binti yangu ni Labubu tu, kale kazimwi kenye manyoya na meno, asubuhi mpaka usiku. Kinachoniudhi siyo midoli, ni lile boksi la kubahatisha, unalipa hujui ndani kuna nani. Yule wa siri, yaani adimu kuliko wote, kwenye toleo letu yumo kwenye boksi 1 kati ya 72, na msidhani ukinunua maboksi 72 ndo umeahidiwa, hapana, unaweza ukatoka kapa. Sheria yangu sasa, akipata dabo, yaani ambaye tayari anaye, anabadilishana na wenzake kwanza ndo tuongelee jipya, na tangu hapo kawa dalali balaa, juzi kaondoka na dabo mbili karudi na mmoja aliyekuwa anamlilia. Ah na meno mhesabu, orijino ana 9, feki wengi wanakosea hapo.

—

Wenye watoto chini ya miaka 3 naomba msikie, hivi vitu vinakaba. Chukua lile bomba la boksi la ndani ya toilet pepa, kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto. Wangu mkubwa anachezea mezani tu, mdogo akiamka kopo linapanda juu ya kabati, makelele yake tumeshazoea.

—

Mleta uzi za kwako bado unazo? Zangu zimeanza kunata, ukishika vidole vinabaki na utelezi.

—

Ninazo. Hiyo ni kemikali ya kulainisha plastiki inatoka nje. Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki laini, kausha kivulini. Asetoni usiguse kabisa, inakula plastiki, na usizifungie kwenye mfuko wa nailoni zitaanza tena.