Kutu kwenye wavu wa kuchomea nyama: siki, ndimu au brashi ya waya?

MkaaKigamboni: Ndugu wanachama, wavu wangu wa nondo, uliochomelewa na fundi wa mtaani, ulisahaulika nje masika yote, na sasa ukiugusa vidole hubaki vyekundu. Nimetajiwa siki, ndimu na chumvi, na brashi ya waya. Ipi inafaa zaidi?

FundiNondo: Kwa nondo tupu ninaitanguliza siki, kwa sababu tindikali yake huifikia kutu iliyojificha kwenye maungio ambako brashi haiingii. Uloweke usiku kucha katika beseni la plastiki, usugue asubuhi kwa waya wa kusugulia masufuria, kisha uusuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki. Usizidishe muda, maana kutu ikiisha siki huanza kula chuma chenyewe.

BiMishikaki: Ndimu na chumvi hufaa kwa kutu changa tu; kwa wavu wako utamaliza ndimu za soko zima. Brashi ni ya haraka, lakini nyuzi zake hukatika, zikanasa kwenye wavu na kuhamia kwenye nyama, na wapo waliolazimika kupasuliwa kwa uzi mmoja waliomeza. Ukiitumia, futa wavu kwa kitambaa kilicholowa, kisha uukague mwangani.

MkaaKigamboni: Nashukuru. Ninao mwingine mwembamba, unaong'aa kama bati jipya. Nao niuloweke?

FundiNondo: Hapana, ndugu yangu. Ikiwa umepakwa zinki, siki itaiondoa zinki hiyo, na ukiuacha ulivyo, moto mkali wa mkaa unaweza kutoa moshi wake, ule unaotuletea homa na kutetemeka sisi wachomeleaji. Huo haufai kuchomea nyama kabisa.

MvuviLamu: Naona mafuta hayajatajwa, na bila hayo kazi yote ni bure, hasa kwetu pwani ambako chuma kilichosafishwa hurudia wekundu kabla hakijakauka vizuri. Mimi nikishausuuza wavu huukausha juu ya mkaa papo hapo, nikausogeza pembeni na kuupaka mafuta ya kupikia kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, utando mwembamba mno kwa kuwa yakizidi huganda yakanata, kisha nikaurudisha motoni hadi uache kutoa moshi. Rudia mara 3 au 4, mpaka uwe mweusi.

MkaaKigamboni: Basi leo usiku ni siki. Ule wa bati nitauanikia vyombo.